Paka wetu amejifunza kugusa

Kwa miezi miwili ya mwanzo mkono wangu ulikuwa unampita paka katikati. Ukivaa miwani ya kompyuta, inayochora vitu visivyokuwepo juu ya vile vya kweli, unamwona amejikunja mezani, kahawia mwenye milia, sikio moja lina pengo, na pembeni yake unaona meza ile ile ya kweli, daftari na kikombe cha chai. Unanyoosha mkono umpapase, vidole vinazama mgongoni vinatokea tumboni. Yeye anafumba macho kwa raha, na wewe umeshika hewa.

Tuko wanne, mwaka wa mwisho, na huu ndio mradi wetu wa kumalizia shahada hapa Dar es Salaam. Mimi naandika programu. Mwenzangu mmoja anamchora paka na kumtembeza, wa pili ni wa umeme, wa tatu anashona. Huyo wa kushona tulimwita mwisho, na leo naona tungemwita siku ya kwanza.

Sura ya paka mwenyewe nimeichukua kwa paka wa Bibi yangu wa Tanga. Magoti yalipomzidi, tulimleta Bibi kwa mjomba, Tabata, kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hataki mnyama ndani. Paka akabaki kwa jirani. Bibi hasemi kitu, ila jioni akikaa kibarazani mkono wake wa kushoto unashuka pembeni ya kiti, unatafuta, unarudi mapajani. Nimeuona mkono ule mara nyingi mno.

Mnyama wa kwenye mashine si jambo geni. Mwaka 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilitoa Tamagotchi, kidude cha umbo la yai chenye vitufe vitatu, na watoto wakakilisha kwa kubonyeza vitufe hivyo. Ila mimi nilivutwa zaidi na Paro, roboti ya mtoto wa sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya, aliyoibuni Takanori Shibata, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2005 na kupakatwa na wazee wenye maradhi ya kusahau. Shibata alikuwa amejaribu paka kwanza. Paka kila mtu anamjua, anajua anavyolegea mikononi na anavyokwepa, kwa hiyo kila mtu aliona kasoro. Sili ni wangapi wamewahi kumpakata? Habari hiyo niliisoma tukiwa tumeshachagua, na wenzangu wakataka tubadilishe. Nilikataa. Bibi yangu hamjui sili.

Basi tukampa paka mwili. Mwenzetu alileta kitambaa cha manyoya kutoka Kariakoo, akakata umbo la paka aliyelala, akalijaza sufi kama mito ya kwetu, na katikati akaweka mfuko wa mchele, kilo 3, ili uwe mzito. Chini ya kitambaa kuna pedi ya joto inayotumia pawa benki. Mto unakaa juu ya alama ya utepe mezani, na programu inamlaza paka wa kwenye miwani juu yake barabara. Jicho linaona paka, mkono unakuta manyoya ya vuguvugu.

Hapo likazuka lingine. Vidole vinafuatwa na kamera za miwani, na vikizama kwenye manyoya kamera hazivioni. Ikabidi tushone vihisi sita vya mgandamizo ndani ya mto, mguso ujulikane hapo hapo unapotokea. Na kukoroma je? Tulianza na mota ndogo ya simu, paka akawa anatetemeka kama simu iliyozimwa mlio. Mota ile inazunguka haraka mno, ilhali paka wa kweli akikoroma ni kama mitetemo 25 kwa sekunde. Mwenzetu wa umeme akang'oa spika ya sabufa kuukuu ya kwao, akaizika ndani ya sufi, akapitisha sauti ya chini kabisa. Unaisikia kwenye kiganja kabla ya sikio.

Wakati nao ni mkali. Kuna jaribio la mwaka 1998 la Matthew Botvinick na Jonathan Cohen: mkono wa mpira unapapaswa kwa brashi mbele ya macho yako huku mkono wako, uliofichwa, ukipapaswa vivyo hivyo. Baada ya muda unaanza kuhisi wa mpira ndio wako. Mipapaso miwili ikipishana, hisia hiyo hufifia. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo: sikio la paka likichelewa kutikisika, hata kidogo tu, mtu anarudi kuona mto. Wiki tatu nzima nilikuwa nakata ucheleweshaji kwenye programu, na sijutii hata siku moja.

Lakini bado kuna kitu kilipungua, na nilikigundua nikiwa nimekaa kibarazani Tabata, paka wa mtaani akapita akajisugua mguuni kwangu. Sisi tulishughulikia mkono unaomgusa paka. Paka anayemgusa mtu hatukumfikiria kabisa.

Ngozi yenye vinyweleo, kama ile ya juu ya mkono, ina neva za aina yake zinazoitikia zaidi mpapaso wa polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, wenye joto kama la mwili. Tukatengeneza mkia: waya, kitambaa cha manyoya, mota ndogo ya kuugeuza. Mara ya kwanza ulipiga kama mtu anafukuza nzi. Nikapunguza mwendo, nikapunguza tena, hadi sentimita 3 kwa sekunde. Ukapita juu ya mkono wangu, nikanyamaza. Wenzangu wakaja kuujaribu mmoja mmoja, hakuna aliyesema neno.

Jumamosi tuliubeba mto hadi Tabata. Nikamwamkia Bibi, nikamvalisha miwani juu ya mtandio, nikamwekea mkono mezani. Hakumpapasa. Alimtazama tu, mkono umetulia. Mkia ukaja, ukapita taratibu juu ya mkono wake, ukarudi.

"Huyu kanijua," akasema. Ndipo akampapasa, polepole, kutoka kichwani hadi kiunoni, na chumba kizima tukasikia ile spika ikianza.

Alikaa naye karibu nusu saa. Alipovua miwani hakuuondoa mkono kwenye mto. Akaushika ule mkia, akaubinya ncha, akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, wa kwangu ulikuwa umepinda hapa, kwa kushoto. Niletee sindano."