Jumamosi ya kiungo mkabaji, Kakamega hadi Mamboleo

Mimi ni kiungo mkabaji katika Ligi Kuu ya Kenya, na makao ya timu yetu ni Kakamega. Mtu akisikia kazi yangu huuliza mara moja, "Umefunga mabao mangapi?" Nikimjibu, mazungumzo yanahamia kwa bei ya unga. Kwa hivyo nimeandika siku yangu moja ya mechi ya ugenini, Kisumu, ili anayetaka kujua namba sita, yaani kiungo mkabaji, hulipwa kwa lipi apate pa kuanzia. Hulipwa inapolipwa. Hilo nalo nitalifikia.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Siku ya mechi sikimbii. Natandika mkeka sebuleni, nanyoosha mapaja na nyonga, kisha nasimama kwa mguu wa kushoto peke yake nikiwa nimefumba macho. Kifundo cha mguu huo kiliwahi kuteguka vibaya na tangu hapo kimekuwa kama mpangaji msumbufu, hakihami na hakikosi malalamiko. Nikiweza kuhesabu hadi thelathini bila kuyumba, basi leo tutaelewana.

Mama watoto ananiletea uji wa wimbi na mayai. Anaketi kwenye mkono wa kochi, na najua swali linalokuja.

"Baba, shule wameandika tena kuhusu karo."

"Wiki hii nitaongea na watu wa ofisi."

"Wale wale wa mwezi jana?"

Nakunywa uji.

Saa mbili na nusu asubuhi

Basi linatungoja nje ya uwanja wa Bukhungu. Mtunza vifaa amesimama mlangoni na daftari lake: jezi, soksi, bibu, mipira, barafu. Mzee huyu amewahi kulirudisha basi kutoka Khayega kwa sababu ya soksi za kipa, na hakuna aliyethubutu kunung'unika. Viti navyo vina mila zake. Benchi la ufundi hukaa mbele, wazee kama mimi katikati, vijana nyuma na spika yao.

Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kilomita hamsini hivi, unapita Khayega, Chavakali, Mbale, Majengo na Kiboswa. Kabla hatujafika Chavakali winga wetu, kijana aliyetoka sekondari juzi, anaacha kelele za nyuma na kuja kukaa kando yangu.

"Mkubwa, ni kweli mtu anaweza kuvunja mkataba asipolipwa?"

Ni kweli, lakini si kwa hasira. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis, kilichoongezwa mwaka 2018. Klabu ikikosa kukulipa mishahara ya angalau miezi miwili bila sababu halali, una haki ya kusitisha mkataba, mradi uwe umeiandikia kwanza ukieleza deni na kuipa angalau siku 15 kulimaliza lote. Namwambia aandike barua, aipeleke ofisini, apigiwe muhuri nakala yake na aifiche kwa mamake. Malalamiko ya kwenye kikundi cha WhatsApp hayahesabiki kama notisi. Halafu aongee na KEFWA, chama cha kutetea wachezaji, kabla hajapanda basi la mtu mwingine, maana ukijitoa katikati ya msimu unaweza kujikuta huru kabisa na huna pa kucheza hadi dirisha la usajili lifunguliwe. Niliwahi kukaa hivyo nilipotoka klabu fulani. Uhuru wenyewe niliutumia kubeba mawe ya ujenzi.

"Na wewe je, mbona huondoki?"

Swali zuri. Yeye ana video ya dakika tatu, chenga juu ya chenga na muziki chini yake, na wakala yeyote akiiona atapiga simu. Yangu itaonyesha mtu mzima akisogea hatua mbili kushoto. Nani atanunua hatua mbili kushoto?

Sisi wa magharibi hatukukosa mifano ya viungo. Noah Wanyama aliichezea AFC Leopards, na wanawe wawili wakaja kucheza katikati ya uwanja Ulaya. McDonald Mariga alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa 2010. Mdogo wake Victor Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alipojiunga na Southampton 2013. Lakini muulize shabiki yeyote anachokumbuka kuhusu Victor. Atakutajia bao la kichwa alilowafunga Barcelona akiwa Celtic, Novemba 2012, na lile kombora dhidi ya Liverpool kule Anfield akiwa Tottenham, Februari 2018. Miaka yote ile ya kuziba njia, kusukumana na watu na kumpa mwenzake pasi ya mita tano, imekunjwa ikawa mabao mawili. Kama yeye alikumbukwa hivyo, mimi wa Bukhungu nitalalamikia nini?

Kijana anacheka, anarudi nyuma kwenye spika.

Saa tano asubuhi

Chakula cha mwisho kabla ya mechi, hoteli moja karibu na Kondele. Wali, kuku asiye na ngozi, mboga kidogo, maji mengi. Vijana wanaangalia meza ya jirani, ambapo samaki mzima amelala juu ya sahani na ugali ubavuni. Daktari wa timu anawaambia samaki wa Kisumu huliwa baada ya mechi, kabla yake mafuta yote hayo yatakaa tumboni hadi kipindi cha pili. Ananichanganyia chupa ya maji yenye chumvi na sukari. Kakamega tuko juu, mita 1,500 na kitu, na mvua ya alasiri hutupoza. Huku kando ya ziwa uko kama mita 1,100 na joto linakukumbatia. Mtu wa Kakamega anayesubiri kiu ndipo anywe, dakika ya 70 miguu itamkamata.

Saa saba mchana

Kikao cha mbinu ni kifupi. Kocha anachora duara moja ubaoni, kati ya viungo wetu na mabeki wetu, kisha ananigeukia. Namba kumi wa wenyeji, yule anayewatengenezea mashambulizi, anatumia mguu wa kushoto na anapenda kupokea mpira mgongoni kwa kiungo, pale asipoonekana.

"Wewe usimfuate," ananiambia. "Ukimfuata atakupeleka matembezi, na wenzake waingie ulipotoka. Mngojee. Aje kwako."

"Sawa, kocha."

Maagizo yangu yote ya siku ni hayo. Winga amepewa mishale sita.

Saa nane kasorobo

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko Mamboleo, upande huu huu wa barabara ya Kakamega, kwa hivyo hatukulazimika kupambana na msongamano wa mjini. Watu wengi waliuona mara ya kwanza kwenye runinga, sherehe za Madaraka zilipofanyiwa hapo Juni 2021. Mimi nikiingia huwa sitazami jukwaa. Natembea katikati nikidundisha mpira, nione unaruka kiasi gani na unateleza wapi, ndipo nichague njumu.

Kisha natafuta upepo. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo unavyozidi. Namwambia nahodha: ukishinda kura ya sarafu, usichague kuanza na mpira, chagua goli la kushambulia. Kipindi cha kwanza tucheze dhidi ya upepo ukiwa bado mdogo, cha pili utusaidie tukiwa tumechoka. Ananiitikia kwa kichwa. Anapoteza kura. Wenyeji wanaujua upepo wao kuliko sisi, wanachukua goli lile lile nililolitaka.

Tabibu ananifunga kifundo kwa plasta, tabaka juu ya tabaka. Nje ngoma za isukuti zimeanza, mashabiki wetu wamefika na matatu mbili.

Saa tisa alasiri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kiungo hutembea na kukimbia kama kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, na katika hizo, anazokwenda na mpira mguuni ni chache mno. Muda uliobaki ni macho. Kabla pasi haijanifikia nimeshatazama nyuma ya bega la kulia na la kushoto. Mpira ukiwa njiani natazama tena, kwa sababu watu wamehama. Na mwili siukabidhi wote kwa anayenipa pasi. Nasimama ubavu, ili jicho moja liwe kwa mpira na jingine kwa goli lao, na niupokee kwa mguu wa mbali. Kijana wa mtaani ana kipaji kunizidi, lakini hupokea akiwa amelipa goli mgongo, na kugeuka tu kunamla sekunde ambayo ligi haimpi.

Chukua dakika ya 18. Beki wao wa kulia ana mpira. Nageuza shingo, namwona namba kumi akijisogeza taratibu nyuma yangu kama mtu anayetafuta kivuli. Beki wetu wa kushoto amepanda, kwake ni wazi. Nikimfuata namba kumi nitaacha mlango wa katikati, nikibaki nilipo pasi itapita. Nasogea hatua mbili kushoto. Basi. Sasa beki wao akipiga chini, mpira utakutana na mguu wangu. Anainua kichwa, anasita, anaurudisha kwa kipa. Jukwaa linapiga miayo. Kocha wetu kwenye mstari anapiga makofi mara moja.

Dakika ya 31 kona yetu inaokolewa na wao wanatoka kwa kasi, watatu kwa wawili, namba kumi akiwa na mpira. Namshika jezi katikati ya uwanja na kumwangusha kabla hajaachia pasi. Kadi ya njano, na bei yake nilikuwa nimeikubali kabla sijanyoosha mkono. Mashabiki wenyeji wananitukana ukoo mzima.

Zimebaki dakika 59 za kucheza na kadi, na hapo ndipo mkabaji hujulikana kama ana akili. Namfuata namba nane wetu, kiungo mwenzangu: "Kuanzia sasa faulo za katikati ni zako." Anajua. Mimi sitelezi tena chini, nabaki kwa miguu, namsindikiza mtu kuelekea mstari wa pembeni na kumwachia mstari umkabe. Na refa nisimzongezonge. Kila faulo ikipigwa natembea mbali naye, mikono nyuma.

Kipindi cha pili upepo uko juu yetu. Kila goli kiki ya kipa wetu inasimama hewani na kurudi kama imesahau kitu. Kazi yangu inakuwa kutoshindana angani kabisa. Nawaachia mabeki waruke, mimi naokota mpira unapodondokea. Dakika ya 65 refa anatupa dakika moja ya maji, na namwona namba kumi ameinama, mikono kwenye magoti. Nakunywa polepole nikimtazama. Dakika ya 74 wanamtoa.

Sare tasa. Mashabiki wa pande zote mbili wanatoka wakisema wamepotezewa Jumamosi. Kwangu mimi, ugenini, na kadi, na upepo, bila kufungwa bao, ni siku safi kuliko ushindi wa 4-3 ambao ungewafurahisha.

Saa kumi na moja na nusu jioni

Mizani inaonyesha nimepungua kilo mbili, maana yake nina deni la lita mbili za maji na zaidi. Mwandishi mmoja wa redio anamhoji winga kuhusu krosi iliyogonga mwamba. Mweka hazina anatuahidi posho ya safari ifikapo Jumatatu, na hakusema Jumatatu gani. Katika hoteli ile ile ya asubuhi tunaagiza samaki. Daktari mwenyewe anakula wawili.

Saa mbili usiku

Mvua inatupata Majengo, hadi Kakamega. Spika imezimwa, vijana wamelala. Nasoma notisi za kozi ya ukocha, leseni D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa mwanga wa simu. Sura ya leo ni mazoezi ya watoto, na kuna mchoro wa mchezo wa wanne kwa wawili ambao ningeubadilisha kidogo: kabla mtoto hajapokea pasi, kocha anyooshe vidole nyuma yake na mtoto ataje ni vingapi. Naandika hilo pembeni ya ukurasa.

Saa nne usiku

Nyumbani, mguu uko kwenye beseni la barafu, mama watoto anacheka nikishtuka. Simu inaita. Ujumbe umetoka kwa namba kumi wa wenyeji, tuliwahi kuwa pamoja kambini zamani.

"Mzee, leo umenichosha bila hata kunigusa."

"Nilikugusa. Jezi yako inajua."

"Hahaha. Raundi ya pili nawe utakuwa umestaafu."

"Mnakuja Bukhungu. Beba koti la mvua."