Siku moja maishani mwangu: fomu iliyomkatalia mama namba yake

Saa 1:30 asubuhi. Sijamaliza chai, WhatsApp inaleta sauti ya mama muuza dagaa wa Kibirizi, mwalo wa Kigoma: "Mwanangu, hii fomu inakataa namba yangu tangu jana. Namba ninayopigiwa kila siku!" Namjibu: shikamoo mama, naishughulikia leo hii.

Saa 3. Mfumo wa kusajili wafanyabiashara umejengwa kwa Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti, nami niliurithi kwa fundi mwingine. Naingiza namba kama mama anavyoiandika, na nafasi katikati. Maandishi mekundu: "Namba si sahihi." Naondoa nafasi, inapita. Ajabu, ndani ya clean_simu(), kipande cha msimbo cha kukagua namba ya simu, upo mstari wa kuondoa nafasi hizo hizo. Naweka print() juu yake ili nione kama msimbo unafika hapo, najaza tena. Terminali kimya.

Kumbe haifikiwi. Kwa kila sehemu ya kujaza (field), Django huanza na to_python() inayogeuza kilichoandikwa kuwa thamani ya Python, kisha validate() ya ukaguzi wa msingi, kisha vihakiki (validators), yaani kanuni za ukaguzi za sehemu yenyewe. Hiyo clean_simu() huja baada ya hapo. Kihakiki kikishakataa, haiitwi kabisa. Basi naunda sehemu maalumu juu ya CharField, sehemu ya maandishi ya Django, na usafishaji wote nauweka kwenye to_python() yake: nafasi na vistari vitoke, 0 ya mwanzo igeuke +255 ya Tanzania. Kihakiki sasa kinapokea namba iliyokwisha safishwa.

Saa 8 mchana. Naingiza namba mbovu makusudi, ukurasa mzima unaanguka: KeyError, kosa la kutafuta jina lisilokuwamo. clean(), inayokagua fomu nzima, inasoma cleaned_data['simu'] kwenye majibu yaliyopita ukaguzi, wakati sehemu iliyokataliwa huondolewa humo. Naandika cleaned_data.get('simu'), na ikiwa haimo, ukaguzi wa namba iliyojirudia unarukwa.

Saa 10 jioni, Kibirizi. Mama anajaza mwenyewe kwenye simu yake, nafasi zake zote zimo. Imekubali! Papo hapo anamwita mwenzake wa Uvira, mnunuzi wake wa siku nyingi. Namba yake inaanza na +243, ya Kongo. Imekataliwa.

Hili limeniuma kuliko yote ya leo. Mwalo huu unaishi kwa watu wa Kongo na Burundi, halafu fomu inawaambia namba zao si sahihi.

Saa 2 usiku. Kihakiki nimekiandika upya: +255 na +243 zifuatwe na tarakimu 9, +257 ya Burundi ifuatwe na 8. Ujumbe wa kosa nao sasa unaonyesha mfano wa kila nchi. Nimepandisha kwenye seva, na mama nimemwomba amwambie mwenzake ajaribu tena kabla boti haijaondoka.