Zege la Usiku wa Daku

Chombo chenyewe ni bati tu, lenye umbo la pia iliyokatwa ncha: kimo milimita 300, mdomo wa chini 200, wa juu 100. Unakisimamisha juu ya bamba la chuma, unakijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, unasawazisha, kisha unakinyanyua wima, taratibu. Zege linashuka. Unapima limeshuka kiasi gani, unaandika. Hicho ndicho kipimo cha slampu, yaani ulaini wa zege, na mwezi Julai 2014 ndicho kilichokuwa kibarua changu ndani ya shimo moja la msingi wa jengo huko Kisutu, Dar es Salaam, nikiwa mwanafunzi wa fildi kutoka chuo kilichokuwa juu kidogo tu ya Barabara ya Morogoro.

Kazi hiyo hupewa mwanafunzi kwa sababu hakuna anayeitaka. Fundi wa nondo anaonekana anajenga, dereva wa winchi anaonekana anajenga. Mwenye bati anaonekana anachelewesha. Waliniita Sista Ndoo. Niliitika.

Mjini mwaka ule watu walibishana kuhusu urefu. Lipi litakuwa refu zaidi, minara ya mfuko wa pensheni pale Sokoine Drive au jengo la Mamlaka ya Bandari? Kwenye kahawa za Kisutu na Mtaa wa Jamhuri kila mzee alikuwa na idadi yake ya ghorofa, na hakuna aliyekubali kushindwa. Lakini sisi tuliokuwa shimoni tulizungumza zaidi habari ya kuanguka. Ijumaa Kuu ya mwaka uliotangulia, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilishuka chini asubuhi na kuua watu 36. Kutoka getini kwetu mpaka pale ni mwendo wa miguu, tena mfupi. Baadhi ya vibarua wetu walikuwa wamekwenda kusaidia kutoa watu kwenye kifusi, na wawili kati yao hawakupenda kuulizwa. Mama lishe aliyetupikia alikuwa na tabia ya kuinua uso kutazama juu kabla ya kuteremsha sufuria, ingawa juu yetu hapakuwa na kitu bado. Tulikuwa tunachimba tu.

Upande wa kusini shimo letu lilipakana na nyumba ya ghorofa mbili iliyoandikwa 1953 juu ya mlango, zile nyumba walizojenga wafanyabiashara wa Kihindi: duka chini, familia juu, roshani yenye nakshi za saruji. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Ndivyo karani mmoja wa Serikali alivyopata kupanga vyumba vyenye dari refu katikati ya mji, akahamia na mke kijana. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Karani akafariki. Majirani mmoja mmoja wakapokea kilemba, pesa ya kuachia nyumba, na kuhamia Tabata na Mbezi. Mke akabaki, na nilipomkuta mimi alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, anayejua kelele za mtaa ule kwa majina.

Ukuta wake ulikuwa na ufa tangu kabla hatujafika. Mkandarasi aliupiga picha siku ya kwanza kabisa, kwa uangalifu ambao sikuuona katika mambo mengine, ili baadaye asisingiziwe. Halafu tukagandisha vipande vyembamba vya kioo kwa plasta, kukatiza ufa: nyumba ikisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Kila asubuhi nilipanda kuvikagua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, ufa umelala au umetembea?"

"Umelala."

"Heri yake. Mimi sikulala."

Hakulala kwa sababu ya pampu. Kisutu hakuko mbali na bahari; unachimba mita chache tu unakutana na maji, tena yenye chumvichumvi. Pampu zetu ziliyavuta usiku na mchana na kuyatema kwenye mtaro wa mtaa. Na ukiyavuta kupita kiasi, mchanga ulio chini ya jirani nao unataka kuyafuata. Bibi alilielewa jambo hili vizuri kuliko baadhi ya wenzangu wa darasani. Kitu kimoja tu alichokataza ni methali ya ufa na ukuta. Kila afisa aliyewahi kupanda ngazi zile, alisema, alimsomea methali hiyo, akanywa chai, akaondoka bila kuziba.

Dawa ya pampu ilikuwa kumwaga jamvi la msingi, bamba nene la zege la kufunika shimo lote chini. Lilihitaji zege zaidi ya mita za ujazo 500, na kila gari lilibeba kama saba, kwa hiyo hesabu ya magari unaiona mwenyewe. Tena jamvi kama lile halikatwi katikati. Zege la mwanzo likishika kabla la pili halijalifikia, panabaki mpaka ndani yake usioonekana kwa macho, na katika shimo lenye maji ndipo maji yatakapopenyea miaka yote ya jengo hilo. Mchana magari mazito hayakuwa na nafasi katikati ya mji. Ikapangwa usiku, ndani ya Ramadhani, baada ya watu kufuturu.

Tulianza vizuri. Pampu ya zege ilinyoosha mkono wake juu ya uzio wa mabati, vijana wa vaibreta, mashine za kutikisa zege lishikamane, wakaingia na buti mpaka magotini, msimamizi wetu akasimama juu ya ubao katikati ya nondo, hasemi. Alikuwa mtu wa maneno machache mno. Wiki za kwanza nilidhani hanipendi. Magari yalikuja kwa kufuatana, mimi napima, naandika: 120, 130, 115. Mchoro ulitaka kati ya 100 na 150. Kokoto zilikuwa za Lugoba, ngumu, zenye pembe. Kwa saa kadhaa nilikuwa na raha ya mtu anayeona mambo yanakwenda kama kwenye kitabu.

Baada ya saa saba usiku yakaanza kukawia. Barabara ya Morogoro ilikuwa imefumuliwa kwa ujenzi wa njia za mwendokasi, na kuanzia Magomeni mpaka Jangwani gari lilitolewa kwenye mchepuko mmoja na kuingizwa kwenye mwingine. Zege halisubiri foleni. Saa tisa na nusu, nusu ya vijana wakiwa wamechuchumaa kwenye sinia la daku na mtoto wa mtaa wa pili akipita anagonga debe, likaingia gari ambalo hati yake ilisema limetoka kiwandani saa sita na dakika hamsini. Muda tuliopewa ulikuwa dakika 90.

Dereva alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Kofia ya Simba, salamu kwa kila mtu, na mpira wa tangi lake la maji ulikuwa bado unadondoka matone.

Nikajaza, nikashindilia, nikanyanyua. Zege halikushuka. Lilikimbia, likatandaa kwenye bamba kama uji wa futari, kokoto zikabaki katikati peke yake. Nikapima kwa sababu nilitakiwa kupima: 230.

Kosa lenyewe ni la kibinadamu kabisa. Zege likizunguka muda mrefu kwenye pipa linakauka na kuwa zito. Dereva anaogopa ligande humo ndani, maana pipa ni la tajiri, akaongeza maji. Linalainika, kila mtu anafurahi. Saruji ni ile ile lakini maji yamezidi, na maji yaliyozidi yakishatoka yanaacha vitundu. Huwezi kuviona. Wenye kuviona ni wale watakaokaa juu yake, baadaye.

Simu zikaanza. Mtu wa mkandarasi, aliyekuwa amelala kwake, akasema gari moja kati ya magari sabini si kitu, limwagwe pembeni. Fundi mkuu akasema tukilirudisha, ukingo wa zege lililotangulia utashika na tutapata ule mpaka. Na alikuwa na haki! Hili ndilo lililonichanganya. Hatari zilikuwa mbili, na zote za kweli.

Msimamizi akaja akasimama mbele yangu.

"Andika."

"Niandike nini, mzee?"

"Ulichopima."

Nikaandika. Akachukua kalamu yangu, akaandika chini ya namba ile neno moja, RUDISHA, akatia sahihi. Kisha akageuka na kuongea kwa mfululizo ambao sijausikia tena kwake: mkono wa pampu uhamie kwenye ukingo uliotangulia, vijana waache sinia, ukingo uchezwe na vaibreta usilale, gari lolote litakalofika lielekezwe hapo kwanza. Watu waliacha wali wao. Walionuia kufunga wakaingia shimoni wakitafuna.

Juu yetu sauti ikashuka kutoka gizani.

"Mjukuu wangu! Mbona lile linarudi?"

Bibi alikuwa ameketi kwenye roshani na tasbihi yake, sijui tangu saa ngapi.

"Lina maji, bibi!"

"Basi na lirudi! Maji tunayo ya kwetu yanatosha!"

Msimamizi alicheka mpaka akavua kofia ngumu. Gari lililofuata lilifika baada ya muda ambao niliuona mrefu kuliko usiku wote, likapima 125, na likamwagwa penye ukingo kabla haujashika.

Kabla lile lililokataliwa halijaondoka, msimamizi aliniagiza nichukue kyubu zake, vile vibonge vya milimita 150 vya kupeleka maabara. Fundi mkuu akauliza tangu lini watu wanapima zege wanalolitupa. Jibu lake likaja baadaye, wenye zege walipodai walipwe gari lile kwa kuwa mwanafunzi hawezi kukataa mzigo. Siku ya 28 tulivivunja vyote pamoja kwenye mashine. Mchoro ulitaka nyutoni 30 kwa milimita ya mraba. Kyubu za magari mengine zilipasuka kwa kishindo, zikiwa zimepita 35. Za gari lile hazikufika hata 18; zilisagika bila kelele, ukizishika zinaacha vumbi mkononi. Madai yakaisha siku hiyo hiyo.

Yule dereva nilimwona tena katikati ya Agosti, tulipokuwa kwenye nguzo za ghorofa ya chini ya ardhi. Kofia ile ile. Hakuwa na kinyongo, na wakati najaza bati nikamuuliza zege la usiku ule alilipeleka wapi.

"Lile? Halikufika hata kiwandani, sista. Kuna mtu anajenga kule Manzese, alishaniachia namba zamani, akaniambia likibaki lolote nimpigie. Nikampigia nikiwa hapo kwenye kona. Kabla ya adhana tumemaliza."

"Alikuwa anamwaga nini?"

"Jamvi. La ghorofa ya kwanza. Alishukuru sana, lilikuwa laini, halikuwasumbua vijana. Nikamwongezea na maji kidogo."

Nikamwomba namba ya mtu huyo. Akasema simu iliibiwa Kariakoo siku mbili kabla ya Idi. Nikamwomba anielekeze nyumba. Akanielekeza, ila kwa usiku na Manzese ilivyo, maelekezo yale yangenifikisha kwenye nyumba yoyote.

Msimamizi nilipomweleza alinyamaza, kisha akauliza kama yule mtu alikusudia kuishia ghorofa hiyo ya kwanza. Nilikuwa nimemuuliza dereva swali hilo hilo. Alisema nondo za nguzo zilikuwa zimeachwa ndefu, zimechomoza kwenda juu.