Folda ya picha ilirudi tupu baada ya kurudisha snapshoti ya Btrfs

Wadau, naandika nikiwa nimeshapumua. Kompyuta ya studio yetu hapa Moshi inatumia Btrfs, mfumo wa Linux wa kupanga mafaili kwenye diski. Sasisho lilivuruga mfumo, nikarudisha snapshoti (picha ya hali ya mfumo ya wakati uliopita), ikawaka vizuri. Lakini /srv/picha, penye picha za harusi na za wapanda Kilimanjaro, ilikuwa tupu, na hata kwa ruti (mtumiaji mwenye mamlaka yote) ilikataa kuandikwa.

Nilijaribu chmod, amri ya kubadili ruhusa, wapi. Nikapitisha btrfs check, amri ya kukagua mfumo wa mafaili, hakuna kasoro. Snapshoti nyingine nazo zilikuwa tupu vilevile.

Kilichonifumbua macho ni `ls -di /srv/picha`, amri inayoonyesha inodi, yaani namba ya utambulisho ya folda. Awali /srv/picha ilikuwa sabvolyumu, sehemu ya Btrfs inayojitegemea lakini huonekana kama folda. Mzizi wa sabvolyumu huwa na inodi namba 256. Hii ilionyesha 2. Hiyo 2 ni ganda tu. Snapshoti haiingii kwenye sabvolyumu iliyo ndani ya nyingine, huacha folda tupu mahali pake. Picha zenyewe zilikuwa salama ndani ya mfumo wa zamani niliokuwa nimeupa jina @kale. Kwa hiyo jamani, msifute mfumo wa zamani haraka!

Nikafungua ngazi ya juu kabisa ya diski:

`mount -o subvolid=5 /dev/sda2 /mnt`
`mv /mnt/@kale/srv/picha /mnt/@picha`

Ilihama papo hapo, maana sabvolyumu hubadilishiwa njia tu, data hainakiliwi. Nikaondoa ganda kwa rmdir, nikaunda folda mpya, nikaongeza mstari wenye subvol=@picha kwenye fstab, faili linaloorodhesha vya kufunguliwa kompyuta inapowaka.

Sasa @picha iko sambamba na @, sabvolyumu ya mfumo wenyewe, na inachukuliwa snapshoti zake yenyewe.