Ukikodi matuta ya mboga, anza na maji

Kwenye mabonde ya Dar es Salaam eneo la mboga hukodiwa kwa tuta. Mwenye eneo anakukatia matuta matano au kumi, unalipa kwa mwezi au kwa msimu, unalima. Wengi wakifika wanauliza bei. Bei iache kwanza, uliza maji yanatoka wapi.

Tuta la mchicha la mita 1 kwa 10, wakati wa jua, linataka lita 40 hadi 50 kwa siku: keni nne au tano za lita 10, nusu asubuhi, nusu jioni. Matuta matano ni lita 200 na ushee kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kisima kikiwa mita 100 kutoka kwenye matuta, na unabeba keni mbili kwa mkupuo, unatembea zaidi ya kilomita 2 kwa siku, nusu yake ukiwa na kilo 20 mikononi. Ndiyo maana tuta la bei nafuu lililo mbali na maji ni ghali kuliko yote.

Maji yenyewe yaonje. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi ikizidi utaona kingo za majani zinaungua na ukoko mweupe unatanda juu ya udongo. Maji ya mto Msimbazi ni habari nyingine: yanabeba majitaka ya majumbani na viwandani. Kuosha mboga huondoa uchafu wa juu ya jani, hakuondoi metali zenye sumu zilizopanda kupitia mizizi. Halafu kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira. Siku mkiambiwa muondoke, anayekukodisha hana cha kukutetea.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie. Yataje idadi ya matuta na vipimo vyake, haki ya kuteka maji, na siku zisizopungua 30 za kuvuna endapo eneo litauzwa. Siku 30 kwa sababu mchicha uliosiwa leo unang'olewa baada ya wiki tatu hadi nne.

Tuta lichimbwe kina cha jembe, lipewe madebe mawili ya samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza miche na inaleta magugu ya zizini. Mbegu za mchicha ni gramu 20 hadi 30 kwa tuta. Zichanganye na mchanga mkavu, la sivyo zitadondoka kwa mafungu. Sia kwenye mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20, funika kwa udongo usiofika sentimita 1, tandaza nyasi. Siku ya tatu hadi ya tano zinachomoza: ondoa nyasi siku hiyohiyo, jioni, maana ukichelewa miche inarefuka na kulala.

Hapo ndipo ugonjwa wa kinyausi unapoingia. Miche inaoza shingoni na kuanguka, kwanza sehemu moja, kesho yake robo ya tuta. Chanzo karibu kila mara ni msongamano na tuta lisilokauka juu. Punguza miche, mwagilia asubuhi zaidi kuliko jioni. Ukikuta miche imekatwa chini kama kwa wembe, hao ni sota, viwavi wanaojificha udongoni. Fukua pembeni ya shina asubuhi na mapema utawapata wamejikunja. Masika kuna kutu nyeupe, malengelenge meupe upande wa chini wa jani: chuma majani hayo uyatoe shambani, usiyarudishe kwenye mboji.

Wiki ya pili weka mbolea ya urea, kijiko kimoja cha chakula kwa keni ya lita 10, keni nne kwa tuta, kisha suuza majani kwa maji matupu. Wanaorusha urea kavu juu ya majani yenye umande wanajichomea mboga wenyewe. Kuhusu viuatilifu, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa ya siku 14 haina nafasi kwenye zao la siku 25 linaloliwa jani.

Matuta yote usiyasie siku moja. Ukiwa na matano, sia moja kila wiki kwa wiki nne, la tano liache wazi lipigwe jua, mzunguko ujao lipumzike jingine. Mchicha ukiona mizizi yake ina vinundu, ni minyoo fundo, vijidudu vya udongoni. Usifuatishie bamia wala nyanya hapo, zinashambuliwa vilevile.

Wachuuzi hununua tuta zima likiwa bado shambani. Mkikubaliana bei, kubalianeni pia siku ya kung'oa na nani anamwagilia hadi siku hiyo, na uchukue malipo ya awali. Mchuuzi akichelewa siku nne, keni ni zako na mchicha unaanza kutoa maua, halafu anarudi kudai apunguziwe.