Mbao, sufu na dirhamu: Waviking nikiwafikiria kutoka Bukavu

Jumamosi asubuhi huwa nateremka hadi ufukoni, hapa Bukavu, pale mafundi wanapotengenezea mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Juzi nilimkuta fundi mmoja mzee akiugongagonga ubao kwa kidole na kuusikiliza, kisha akaung'oa ingawa alikuwa ameshaupigilia misumari yote. Nilimuuliza, «Mzee, ubao huu una kosa gani?» Akanijibu, «Ufa wewe hukuuona, lakini maji yatauona.»

Maneno yake yalinirudisha kwa Waviking, watu wa Norwei, Denmaki na Uswidi wa karne ya 8 hadi ya 11, ambao nimekuwa nikisoma habari zao kwa muda mrefu. Wengi wetu tunawajua kwa kofia zenye pembe, kumbe pembe hizo zilienezwa na mavazi ya opera iliyochezwa Ujerumani mwaka 1876. Kazi yao ya kweli inaonekana katika merikebu ya Gokstad, iliyofukuliwa Norwei mwaka 1880 na yenye urefu wa mita 23 hivi. Mbao zake za mwaloni zimelaliana ukingo juu ya ukingo kama vigae vya paa, zimebanwa kwa misumari ya chuma, na nafasi zilizobaki zimezibwa kwa manyoya ya wanyama yaliyotiwa lami. Chombo cha namna hiyo kilinyumbuka pamoja na mawimbi, na kwa kuwa hakikuzama sana majini, kiliweza kuvuka bahari kuu na baadaye kupanda mto hadi ndani ya nchi. Ndiyo maana watawa wa kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, walivamiwa mwaka 793, Paris ikafikiwa kwa mto Seine mwaka 845, na mwaka 1021 watu hao hao walikuwa wakikata miti Newfoundland, karibu karne tano kabla ya Columbus.

Tanga nalo lilikuwa la sufu. Wanawake ndio walioisokota na kuifuma, kwa miezi mingi, na sioni haki kuisifu merikebu bila kuitaja mikono yao. Katika jamii ile mwanamke huru aliweza kumwacha mumewe, na wanaume huru walikutana barazani kusikiliza kesi na kutunga sheria. Baraza la Iceland, Althing, lilianza mwaka 930. Lakini chini ya hao wote walikuwapo watumwa, na hapo ndipo moyo wangu unapokwama kila mara.

Mwaka 1999, katika kisiwa cha Gotland, Uswidi, ilifukuliwa hazina yenye zaidi ya kilo 60 za fedha na sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote dirhamu za nchi za Kiislamu. Fedha hizo zilifika kaskazini kwa biashara ya ngozi za wanyama na ya wanadamu. Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwakuta wafanyabiashara wa Kiviking kando ya mto Volga mwaka 922, akaandika kwamba mmoja wao husujudu mbele ya kinyago cha mti, akitaja idadi ya wasichana na ngozi alizokuja nazo, na kuomba apate mnunuzi mwenye dinari na dirhamu nyingi asiyebishania bei. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na bado naifikiria idadi ile inayotajwa kwa sauti huku wasichana wenyewe wakisikia.

Mtu wa mashariki ya Kongo hawezi kuyasoma hayo kama habari za mbali. Kiswahili hiki ninachoandika kilienea Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na babu yangu, aliyezaliwa Kasongo, alikiongea kwa upole ambao sijausikia kwa mtu mwingine. Waviking nao waliacha maneno. Rollo, kiongozi wao mmoja, alipopewa ardhi ya Normandie na mfalme wa Ufaransa mwaka 911, wazao wake waliingia katika Kifaransa wakiwa na maneno yao ya baharini. Wanaisimu wengi huliunganisha neno «équiper» na neno lao la kuandaa merikebu, na kutoka hapo likaja «équipe», yaani timu. Vijana wetu wanapoipigia kelele ekipe yao, merikebu ile bado imo.

Iceland ndiko ninakorudi zaidi. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba wanaume wengi walioanzisha taifa hilo walitoka Norwei, lakini sehemu kubwa ya wanawake walitoka Ireland na Uskoti, na inaaminika kwamba wengi wao waliletwa kama watumwa. Wanawake hao waliwalea watoto waliokua wakiongea lugha ya baba zao.