Nilivyowapa majina kaa wa maji baridi waliokaa kabatini

Kazi ilionekana nyepesi. Kabati lilikuwa na chupa za kaa wa mito na maziwa waliohifadhiwa kwenye spiriti, nyingi zikiwa na kikaratasi kilichoandikwa "kaa" pamoja na jina la mahali, basi. Nilitakiwa kuwatenga kwa spishi. Mimi nilisomea samaki. Kaa niliwajua kwa kuwaona wakijificha chini ya mawe.

Jambo la kwanza nililoliacha ni rangi. Kaa aliyekaa kwenye spiriti muda mrefu hupauka, hata kama mtoni alikuwa na magando mekundu au gamba la zambarau. Ukubwa nao haukunisaidia, kwa kuwa mtoto wa spishi kubwa hulingana na mzee wa spishi ndogo. Na kwa mtazamo wa haraka karibu wote wanafanana: gamba pana laini, magando mawili, gando moja mara nyingi kubwa kuliko jingine.

Kabla ya kugusa darubini nilipanga chupa kufuata ramani, mto kwa mto na mlima kwa mlima. Sababu iko kwenye uzazi wao. Kaa wengi wa baharini huachia viluwiluwi ambavyo mkondo huvisambaza mbali. Kaa wa maji baridi hana hatua hiyo: jike hutaga mayai machache makubwa, huyabeba chini ya tumbo, na yakianguliwa hutoka kaa wadogo waliokamilika ambao hukaa kwa mama yao kwa muda. Kwa hiyo safu ya milima au ardhi kavu inayotenganisha mabonde mawili huweza kutosha kuwatenga hadi wakawa spishi mbili. Kikaratasi chenye jina la mto kilinifanyia nusu ya kazi.

Chupa za Ziwa Tanganyika ndizo nilizozifurahia zaidi. Huko kuna Platythelphusa, jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) isiyopatikana kwingine duniani. Platythelphusa armata, aliyepewa jina na Alphonse Milne-Edwards mwaka 1887, ana magando mazito ya kuvunjia konokono, na konokono wa ziwa hilo wana magamba manene kuliko tunavyotarajia kwa konokono wa maji baridi. Hata hivyo jina la ziwa pekee halitoshi, kwa sababu humo humo yumo Potamonautes platynotus.

Chupa za pwani ya Kenya na Tanzania zilinipa Deckenia. Huyu humkosi ukishamgeuza chali: mifereji ya kutolea maji ya kupumulia imesogea mbele hadi kwenye paji la uso, jambo ambalo sikuliona kwa kaa mwingine yeyote kabatini. Kuna spishi mbili, D. imitatrix na D. mitis, na ndugu yao wa karibu, Seychellum, yuko visiwa vya Shelisheli, mbali kabisa baharini. Namna alivyofika huko bado ni mada ya ubishi mtamu.

Waliobaki karibu wote walikuwa Potamonautes, na hapo ndipo jasho lilipo, maana hii ndiyo jenasi yenye spishi nyingi kuliko zote Afrika. Wachache hujitambulisha wenyewe. P. niloticus wa bonde la Nile na Ziwa Victoria ana miiba kwenye kingo za gamba. P. raybouldi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2004, huishi kwenye mashimo ya miti yanayotuama maji katika misitu ya Kenya na Tanzania, hivyo kikaratasi kinachotaja shimo la mti kinakuelekeza moja kwa moja. Madume wengine wote niliwatambua kwa gonopodi, yaani viungo vyao vya kupitishia mbegu. Dume ana tumbo jembamba la pembetatu lililokunjwa chini ya kifua. Ukiliinua kwa kibano unakuta jozi mbili za viungo hivyo. Tazama jozi ya kwanza, hasa kipande chake cha mwisho: urefu wake, unene wake, na jinsi kinavyopinda kwenda nje. Nilichora kila kimoja kwa penseli. Picha za simu zilipoteza kingo, na mkono unapochora jicho hulazimika kuangalia kweli.

Majina ya zamani yalinichosha kuliko kaa wenyewe. Mwaka 1955 Richard Bott alichapisha kazi kubwa kuhusu kaa hawa wa Afrika, akaigawa Potamonautes katika jenasi ndogo nyingi ambazo utafiti wa baadaye haukuziunga mkono. Deckenia na Platythelphusa nao waliwahi kupewa kila mmoja familia yake. Leo wote wamo ndani ya Potamonautidae, pamoja na karibu kaa wote wa maji baridi kusini mwa Sahara na wale wa Madagaska. Kaskazini mwa jangwa mambo ni tofauti: Potamon algeriense wa nchi za Maghreb ni wa familia ya Potamidae, yenye ndugu Ulaya na Asia. Na ukikuta Sudanonautes, jina lisikupeleke Khartoum. Wengi wao ni wa Afrika Magharibi na ya Kati.

Walionishinda ni majike na watoto. Hao niliwaandika "Potamonautes sp.", yaani Potamonautes wa spishi isiyotambuliwa, bila kubahatisha, isipokuwa walipokuwa chupa moja na dume aliyekomaa. Sioni aibu katika hilo. Jina la kubahatisha likishaingia kwenye daftari hugeuka nukta kwenye ramani, na nukta hiyo huja kutumiwa kuamua kama spishi iko hatarini au la. Afrithelphusa leonensis wa Sierra Leone hakuonekana tangu 1955 hadi Pierre Mvogo Ndongo wa Kamerun alipompata mwaka 2021, akiishi kwenye mashimo ya ardhi msituni badala ya mtoni.

Kwa hiyo ukitoka kukusanya, hakikisha yumo dume mkubwa mmoja. Mhifadhi kwenye ethanoli na si formalini, ambayo huharibu DNA. Andika kikaratasi kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli, na utaje mto, mwinuko, na kama umemtoa chini ya jiwe, shimoni au juu ya mti.